Gari lilivuta Dar, Njombe halivuti: kabla hujashusha injini, pima hewa

Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 1300, otomatiki, niliyoinunua Dar es Salaam miaka minne iliyopita. Mwezi wa tatu nilihamia Njombe kikazi nikapanda nayo. Tangu hapo gari halivuti. Kilima ambacho nilitegemea nikipande kwa 80 nakipanda kwa 60, injini inalia na malori yananifuata nyuma. Taa ya injini haiwaki, moshi hautoki, oili haipungui. Fundi wa hapa amepima kompresheni akapata 160, 155, 160 na 155. Anasema injini nzima inatakiwa isome 200, kwa hiyo ringi za pistoni zimekwisha: tushushe injini, au ninunue nyingine ya mtumba. Wengine wananiambia niweke mafuta ya oktani kubwa, wengine nifunge tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini. Nakuomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Mwambie fundi wako aweke spana chini kwanza. Kwa hayo uliyoandika, sioni dalili hata moja ya injini iliyokufa. Kilichopungua ni hewa, na ringi mpya hazitakurudishia hewa.

Nianze na hizo namba za kompresheni, kwa sababu ndizo zinazotaka kukutoa pesa. Kile kipimo kinachofungwa kwenye tundu la plagi hakipimi ringi. Kinapima presha inayobaki baada ya pistoni kuvuta hewa ya nje na kuibana. Ikivuta hewa pungufu, itamaliza na presha pungufu, kwa uwiano uleule, hata kama ringi zimetoka kiwandani jana. Usawa wa bahari presha ya hewa ni kama kilopaskali 101. Njombe mjini, ambako uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, ni kama 80. Gawanya 80 kwa 101, unapata karibu 0.8. Sasa chukua ile 200 ambayo fundi wako ameizoea, izidishe kwa 0.8. Inakuja 160. Ni namba ileile aliyoisoma yeye mwenyewe kwenye saa yake.

Halafu tazama namba zako nne zilivyokaribiana: 160, 155, 160, 155. Injini iliyochoka kwa kawaida haichoki kwa usawa namna hiyo. Utakuta silinda tatu zinasoma 155 na moja inasoma 110, na hiyo moja ndiyo inayokupa kazi. Kama fundi bado ana wasiwasi, kuna jaribio la dakika kumi: amimine kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, azungushe injini, apime tena. Namba ikiruka juu sana, ringi zinavujisha, maana oili imeziba pale zilipokuwa zinapitisha. Isiporuka na silinda hiyo iko chini kuliko wenzake, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Kwako zote ziko sawa, kwa hiyo sitarajii kitu, lakini jaribio hilo ni karibu bure na kushusha injini siyo bure.

Nakusisitizia jambo hili kwa sababu na mimi nimewahi kulikosea. Nilijifunza ufundi Tanga, pwani kabisa, halafu nikahamia Mbeya. Miezi ya mwanzo nililetewa pikapu ya petroli, mwenye gari akilalamika kwamba haina nguvu. Nikapima, nikaona namba ziko chini kwa karibu moja ya tano ya zile nilizozizoea Tanga, silinda zote. Sikujiuliza kwa nini zote. Nikashusha injini, nikafungua hedi, nikatoa pistoni. Nilipoingiza taa ndani ya silinda nikaiona ile mistari myembamba ya kiwandani, ile inayokatana kama wavu, bado imekaa palepale ukutani juu mpaka chini. Mistari ile hufutika ringi na silinda zinapolika. Haikuwa imefutika. Tulirudisha kila kitu na gasketi mpya, gari likatoka na nguvu zilezile lililoingia nazo, na yule baba akalipa. Mpaka leo kila kijana anayekuja kujifunza kwangu, somo la kompresheni namfundisha pamoja na somo la mwinuko, kwa siku moja.

Sasa nikueleze hewa inafanya nini, ili usidanganywe na mtu mwingine kesho.

Wengi husema huko juu hakuna oksijeni. Sehemu ya oksijeni kwenye hewa haibadiliki: ni kama asilimia 21 Kariakoo na asilimia 21 Makete. Kinachobadilika ni wingi wa hewa yenyewe. Ya chini imekandamizwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Ukipanda, uzito huo unapungua na hewa inatawanyika. Silinda ya gari lako haijabadilika ukubwa, bado inavuta lita zilezile, lakini kila lita ya Njombe imebeba hewa kidogo kuliko lita ya Dar. Hewa ikiwa kidogo, petroli inayoweza kuungua nayo ni kidogo, na nguvu inashuka. Kanuni ya haraka tunayotumia gereji: injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia moja kwa kila mita 100 unazopanda. Mita 2,000 ni asilimia 20, au pungufu kidogo kwa sababu baridi ya Njombe inaifanya hewa ijikusanye kuliko hewa ya joto.

IST yako ya 1300 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 87, na hizo hupatikana injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Ondoa asilimia 20, unabaki na 70. Utasema: farasi 17 tu, mbona gari limekuwa kama limefungwa kamba? Jibu liko kwenye mlima. Tuseme umepakia watu wanne na mizigo, uko kwenye kilima ambacho gari linahitaji farasi 50 ili tu mwendo usishuke. Hizo 50 mlima unazichukua zote, uwe pwani uwe nyanda za juu. Kwa injini ya Dar ungebaki na 37 za kuongezea mwendo. Kwa injini ya Njombe unabaki na 20. Jumla imepungua kwa moja ya tano, lakini ile akiba unayoihisi mguuni unapokanyaga mafuta imepungua karibu nusu. Kwa hiyo hukosei unaposema gari limebadilika sana.

Kwenye tambarare, ukienda 60 au 70 bila haraka, hutaona tofauti kubwa, kwa sababu hapo unatumia sehemu ndogo ya nguvu na mguu unaongeza kidogo bila wewe kujua. Tofauti inakuja unapotaka nguvu yote: kilima, na kulipita gari jingine. Kwenye hili la kupita naomba unisikilize vizuri. Macho yako yamezoea kupima nafasi kwa gari la Dar. Ile nafasi uliyokuwa unaiona inatosha kulipita lori kati ya Chalinze na Morogoro, huku juu haitoshi, hasa barabara ikipanda. Subiri nafasi ndefu zaidi, shusha gia kabla hujatoka nyuma ya lori, na ukiona mwendo haupandi kama ulivyotarajia, rudi nyuma mapema.

Kuhusu injini kulia: iache ilie. Nguvu iliyobaki inapatikana kwenye mizunguko mingi, na injini hii imeumbwa kuzunguka. Kwenye mkono wa gia kuna swichi ndogo ya O/D, ya kuifungia gia ya juu kabisa. Ukikaribia kilima ibonyeze, taa ya O/D OFF iwake kwenye dashibodi, gari litashika gia ya tatu bila kuhangaika kupanda na kushuka. Kule kuhangaika ndiko kunakochemsha oili ya gia otomatiki. Kilima kikiwa kikali zaidi, shuka hadi 2. Kuzunguka mara 4,000 kwa dakika, hata kwa muda wa dakika kadhaa, hakutaiumiza injini yenye oili nzuri. Kinachoiumiza ni kukanyaga mafuta hadi chini huku iko kwenye gia kubwa, inatetemeka na haiendi.

Unaweza pia kujiuliza kwa nini taa ya injini haiwaki kama kweli kuna upungufu. Haiwaki kwa sababu kompyuta ya gari inajua. Gari lako ni la EFI, yaani petroli inapulizwa kwa amri ya kompyuta. Kuna sensa inayopima hewa inayoingia, na kwenye eksozi kuna sensa ya oksijeni inayoonja moshi na kurudisha habari kama petroli imezidi au imepungua. Hewa ikija kidogo, kompyuta inapunguza petroli, mchanganyiko unabaki sawa, injini inaungua vizuri na kwa usafi. Inatoa nguvu kidogo, lakini haiumwi. Ndiyo maana huoni moshi.

Kwa gari la kabureta hadithi ni tofauti, na hizi bodaboda nyingi za Njombe ni za kabureta. Kabureta haina akili ya kujua imepandishwa mlimani. Tundu lake la petroli lilichaguliwa kwa hewa ya chini, kwa hiyo huku juu petroli inazidi hewa: moshi mweusi, plagi inajaa masizi, pikipiki inakohoa asubuhi na kula mafuta. Dawa yake ni jeti (ndilo hilo tundu la petroli) ndogo kidogo na kurekebisha skrubu ya hewa, na siku pikipiki ikirudi pwani jeti ya zamani irudishwe, la sivyo mafuta yatakuwa machache kuliko hewa na injini itachemka. Gari za zamani zenye distribyuta zina jambo kama hilo kwenye taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche: fundi huisogeza mbele kidogo huku juu ili kupata nguvu, halafu mwenye gari akishuka Dar injini inaanza kugonga. Wewe haya hayakuhusu.

Nenda kwa mtu mwenye mashine ya kusoma gari. Mwambie awashe swichi bila kupiga injini, atafute kwenye orodha mstari wa presha ya hewa ya nje. Gari nyingi huionyesha kwa kilopaskali. Nina mteja mmoja, mama anayefanya biashara ya parachichi, alikuja na malalamiko kama yako na hakuniamini. Nikamkabidhi mashine mkononi, nikamwambia asome mwenyewe. Ilikuwa imeandika 80. Nikamwambia: siku ukishuka Dar, mwombe fundi yeyote akuonyeshe mstari huohuo. Wiki mbili baadaye alinitumia picha ya kioo cha mashine, imeandika 101. Gari lilelile, hajabadilisha hata plagi. Chini ya picha akaandika kwamba kutoka Morogoro kwenda Dar gari lilikuwa linapaa.

Hicho ndicho kitambulisho cha mwinuko: upungufu unaingia polepole kadiri unavyopanda, na unaondoka wote kadiri unavyoshuka. Nguvu ikipotea ghafla, ikipotea leo na kesho ikarudi, gari likimisi (silinda ikiruka bila kuwaka), sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) ikipanda na kushuka, taa ikiwaka, moshi mweusi ukitoka kwenye gari la EFI, usiseme ni Njombe. Huo ni ugonjwa. Kumisi hasa nakutajia peke yake, maana mafundi wengi husingizia mwinuko. Huku juu plagi inapata kazi rahisi zaidi, kwa sababu cheche hupenya kwa urahisi kwenye hewa iliyobanwa kidogo. Kama inamisi Njombe, tafuta koili au plagi mbovu.

Kuna jambo moja la kweli ambalo fundi wako angeweza kuligundua na likakusaidia. Pwani, gari lina nguvu ya ziada inayoficha uchafu mdogo mdogo. Huku juu ile akiba imeondoka, na kila kasoro inaonekana. Kwa hiyo kabla hujakubali kwamba 70 ndiyo yote uliyonayo, hakikisha unazipata kweli hizo 70. Fungua boksi la chujio la hewa. Vumbi jekundu la barabara za huku linaziba chujio kwa miezi michache, na chujio lililoziba linakunyima hewa mara ya pili juu ya ile uliyokwisha nyimwa na mlima. Liinue mbele ya jua. Usipoona mwanga unapenya kwenye karatasi, nunua jingine. Kulipuliza kwa upepo ni kwa siku ya dharura tu, karatasi hupasuka kidogo kidogo na mchanga ukaingia ndani. Halafu safisha ile sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, bila kuigusa kwa kitambaa. Endesha kilomita kama tano, simama bila kufunga breki kwa nguvu, halafu sogeza mkono karibu na kila rimu. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki imeshika na unaiburuta kupanda mlima. Na kama oili ya gia otomatiki haijabadilishwa tangu ununue gari, miaka minne inatosha.

Sasa oktani. Usipoteze pesa. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati. Njombe injini yako inabana hewa pungufu, kwa hiyo hatari ya kugonga ni ndogo kuliko ilivyokuwa Dar. Kwenye majimbo ya milimani ya Marekani, kama Colorado, vituo vya mafuta vimezoea kuuza petroli ya oktani ya chini kuliko ile ya pwani kwa sababu hiyohiyo. Ukiweka ya juu hutapata farasi hata mmoja.

Na tabo? Waliokushauri hawakukosea kwenye sayansi, wamekosea kwenye gari. Tabo na mwinuko ni ndugu wa siku nyingi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha wazo lake mwaka 1905: moshi unaotoka na nguvu zake uzungushe panga, panga lisukume hewa kuingia injini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, ndege zilikuwa zinapanda mpaka injini zinaishiwa pumzi. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alichukua injini ya ndege, Liberty, akaipandisha kwa lori hadi kilele cha Pikes Peak kule Colorado, zaidi ya mita 4,300, akaijaribu huko. Injini ile chini ilikuwa inatoa nguvu za farasi kama 350. Kileleni, bila tabo, ilitoa kama 230. Alipoifunga tabo ikarudi 356. Sijui jaribio jingine linaloeleza jambo hili kwa uwazi kama lile, na ndiyo maana hata leo basi la tabo linakupita Kitonga kama vile mlima haupo. Linasukumiwa hewa, na tabo inaongeza kasi ya kuzunguka kufidia ile iliyopungua nje. Nayo ina mpaka wake: inachelewa zaidi kuamka, inachemka zaidi, na inataka dakika ya kupoa kabla hujazima gari baada ya kupanda.

Lakini tabo ya kiwandani imekuja na pistoni zake, oili yake, kompyuta yake. IST yako imejengwa bila tabo, na mgandamizo wake ndani ya silinda ni mkubwa kwa makusudi. Ukiibandika tabo, siku utakayoshuka Dar, hewa nzito ikiongezwa na msukumo wa tabo, unaweza kutoboa pistoni. Kama kazi yako inakudai upande na mizigo kila wiki, ni afadhali siku moja ubadilishe gari, uchukue lenye injini ya 1500 au 1800, kuliko kuitesa hii. Kama ni mtu mmoja wa kwenda kazini na sokoni, hiyo 1300 inakutosha, ni suala la kuzoea.

Neno fupi kwa majirani zako wa dizeli, kwa kuwa najua watakuuliza. Hilux na Land Cruiser zisizo na tabo nazo zinapungukiwa hewa, lakini pampu ya zamani inaendelea kumwaga dizeli ileile, ndiyo sababu ya ule moshi mweusi kwenye vilima. Baadhi ya pampu za Toyota zina kifaa cha kupunguza dizeli kadiri gari linavyopanda. Ikiwa kipo, kisizibwe wala kung'olewa. Na mtu asikubali fundi aongeze skrubu ya pampu ili gari livute. Dizeli isiyo na hewa ya kuiunguza inageuka moshi na joto, na joto linapasua hedi.

Nisimalizie kwenye nguvu tu, kwa sababu kuna vitu viwili kwenye gari lako ambavyo mwinuko unavigusa na hakuna aliyekuambia.

Kwanza ni mfuniko wa rejeta. Maji ya chai Njombe yanachemka kwenye nyuzi kama 93, siyo 100. Rejeta haichemki mapema hivyo kwa sababu mfuniko wake una springi inayoyabana maji. Juu yake utaona pameandikwa 0.9 au 1.1. Ukiwa mzima, hata Njombe maji hayachemki mpaka zaidi ya nyuzi 110. Ukiwa umelegea, unabaki na zile 93, na feni ya gari nyingi inawaka kwenye nyuzi tisini na kitu. Yaani maji yanaweza kuanza kuchemka kabla feni haijapata sababu ya kuwaka. Dar mfuniko uleule uliolegea ungekuvumilia miaka. Injini ikipoa kabisa, asubuhi, ufungue uutazame: mpira usiwe umepasuka wala kugandamana, springi irudi ukiibonyeza kwa kidole. Ukiwa na shaka, badilisha, ni kitu cha bei ndogo. Na weka kulanti badala ya maji ya bomba. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huko utaifahamu.

Pili ni breki. Nyuma ya pampu ya breki kuna sahani kubwa nyeusi, hidrovaki. Ndiyo inayokusaidia kukanyaga. Upande mmoja wake injini imenyonya hewa, upande wa pili hewa ya nje inasukuma, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo msaada unaoupata mguuni. Hewa ya nje ikipungua nguvu, msaada nao unapungua, na Njombe unapungua kama robo kwa kiwango cha juu kabisa. Ukifunga taratibu hutagundua. Siku mtoto akikatiza barabara ukakanyaga kwa nguvu zote, pedali itakuwa ngumu kuliko ulivyozoea. Usifikiri breki zimekufa. Endelea kukanyaga, kwa nguvu zaidi. Na kwenye miteremko, usiiachie breki kazi yote: shika gia ileile ambayo ungetumia kukipanda kilima hicho, acha injini izuie, breki iwe ya kupunguza mara moja moja. Oili ya breki nayo inanyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo kama ina zaidi ya miaka miwili, ibadilishe kabla hujashuka Kitonga.

Kuhusu matairi, wengine husema ukipanda yajae na ukishuka yapungue. Kweli presha ya nje ikishuka, kipimo cha tairi lililojazwa Dar kinapanda kama pauni tatu ukifika Njombe. Lakini baridi nayo inaishusha kama pauni mbili. Zinakaribia kufutana, kwa hiyo pima asubuhi huko uliko, jaza kama ilivyoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, basi.

Kwa hiyo wiki hii fanya haya: chujio la hewa, sensa, mfuniko wa rejeta, kugusa rimu, na ile namba ya presha ya hewa kwenye mashine. Fundi wako usigombane naye. Mwonyeshe ile hesabu ya 200 mara 0.8, na kama ana kitabu cha injini hiyo akiangalie, mradi akumbuke kushusha namba za kitabu kwa kiwango hichohicho kabla ya kulinganisha. Halafu nitumie matokeo. Kama kwenye mashine utasoma 80 na chujio ni jipya na bado kilima kilekile unakipanda chini ya 60 ukiwa peke yako garini, gia iko 2 na mafuta yamekanyagwa hadi chini, hapo nitakubali kuna kitu kingine, na nitaanza kutafuta kwenye masega ya eksozi (kile kichujio cha moshi, ambacho huweza kuziba) na pampu ya petroli, huku injini ikiwa bado imefungwa mahali pake.